Kweli au Si Kweli: Mtoto wa Nyali na Lugha Zake

Wazazi wa Nyali tunaogopa mengi kuhusu usemi wa watoto wetu, na sehemu kubwa ya tunayoyaogopa haina madhara. Tunaogopa Kigiriama cha yaya. Tunaogopa Kiswahili kisije kikaziba njia ya Kiingereza. Tunaogopa kigozi kidogo kilicho chini ya ulimi. Wakati huohuo sikio linalotoa usaha huachwa lipone lenyewe, na mtoto aliyeacha kusema baada ya homa kali huambiwa ana nyuni, yaani ameshikwa na pepo. Hofu imekaa mahali pasipo pake. Maneno yanayofuata ni yale yanayosikika kila siku kuanzia sokoni Kongowea hadi baraza za Mkomani na mabenchi ya kliniki. Kila moja nimelipima kwa yale ambayo utafiti umeshayathibitisha, na baadhi ya utafiti huo umefanywa hapa hapa Pwani.

"Kichanga hasikii lugha, anasikia kelele tu."

Si kweli. Masikio ya mtoto huanza kazi angali tumboni, katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Maneno hayamfikii sawasawa, lakini kupanda na kushuka kwa sauti ya mama kunapenya. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer wa Marekani waliwapa vichanga chuchu ya bandia iliyounganishwa na kinasa sauti. Kichanga akinyonya kwa mwendo fulani alisikia sauti ya mamake, akinyonya kwa mwendo mwingine alisikia sauti ya mama mgeni. Watoto ambao hawajamaliza hata siku tatu duniani walibadili unyonyaji wao ili wampate mama.

Mwaka 2009 Birgit Mampe na wenzake wa Ujerumani wakaenda mbali zaidi. Walirekodi vilio vya watoto wachanga 60, nusu wa Kifaransa na nusu wa Kijerumani, wa kati ya siku mbili na tano. Vilio vya Wafaransa vilielekea kupanda mwishoni, vya Wajerumani vilielekea kushuka, kama zinavyofanya sentensi za wazazi wao. Kwa hiyo mama mjamzito wa Maweni anayepiga gumzo na jirani jioni tayari yuko kazini, na mtoto tayari yuko darasani.

"Sauti ngumu atazijua akikua."

Si kweli, na katika yote nitakayoyasema hili ndilo linalonistaajabisha zaidi. Mzee wa Mji wa Kale anayezungumza Kimvita hutenganisha sauti ambazo mgeni hazisikii kabisa. Paa wa porini hutamkwa kwa pumzi baada ya p, paa la nyumba halina pumzi hiyo. Kaa wa baharini ana pumzi, kaa la moto halina. Ziko pia t mbili: moja ulimi hugusa meno, kama katika mato, ndivyo Wamvita waitavyo macho, nyingine ulimi hurudi nyuma kidogo kwenye ufizi. Maandishi yetu ya kawaida hayaonyeshi tofauti hizi, na shule haizifundishi. Hata hivyo mtoto aliyekulia Kuze au Kibokoni huwa anazo bila ya kufundishwa na mtu.

Namna anavyozipata ilianza kueleweka mwaka 1984, pale Janet Werker na Richard Tees wa Vancouver, Kanada, walipowajaribu watoto wa familia za Kiingereza kwa sauti za Kihindi. Kihindi nacho kina t mbili, ya menoni na ya ulimi uliokunjwa nyuma, tofauti ambayo mtu mzima wa Kiingereza kwa kawaida haisikii. Mtoto alifundishwa kugeuza kichwa sauti inapobadilika, na akigeuka kwa wakati alionyeshwa mwanasesere anayecheza. Watoto wa miezi 6 hadi 8 waligeuka bila ya shida. Walipofika miezi 10 hadi 12 wengi walishindwa. Watoto wa Kihindi wa umri huohuo waliendelea kuisikia.

Maana yake ni kwamba mtoto wa miezi sita ana sikio pana kuliko lako na langu. Yuko tayari kwa t za Kimvita, za Kigujarati cha jirani, na kwa sauti za lugha ambazo hatawahi kuzisikia maishani. Katika mwaka huo wa kwanza, kabla hajasema neno lolote la maana, anachagua zile zinazotumika mbele yake na kuziachilia nyingine. Tunapodhani anangoja, yeye ameshaifanya nusu ya kazi.

"Lugha iko damuni. Mtoto wa bara hawezi kuwa na lafudhi ya Pwani."

Si kweli, na ushahidi wake uko njiani kwetu. Anayepita Kengeleni anapita karibu na kengele ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Walikuwa Wayao, Wamakua, watu wa pande za Ziwa Nyasa na wengineo, kila mmoja na lugha ya kwao. Watoto waliozaliwa pale walikua na Kiswahili. Mmoja wa wana wa Freretown, James Mbotela, ambaye babake alikuwa Myao aliyekombolewa, aliandika habari za watu hao katika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934, na alikiandika kwa Kiswahili.

Jambo hilohilo linaendelea leo Ziwa la Ng'ombe na Kadzandani. Mzazi Mjaluo au Mkamba anaweza kuishi Pwani miaka 30 na lafudhi ya kwao isimtoke, lakini mwanawe anayecheza uwanjani na wenzake wa hapa hazungumzi kama babake. Anazungumza kama wenzake. Damu haina konsonanti.

"Lugha tatu zitamchanganya na kumchelewesha."

Si kweli. Naomba msomaji anivumilie hapa, kwa sababu neno hili ndilo linalowanyima watoto wengi lugha za nyanya zao.

Nyumba ya kawaida ya upande wetu huu ina Kiswahili cha sebuleni, Kigiriama au Kidigo cha yaya, Kikamba au Kisomali cha simu za mama kwa jamaa zake, na Kiingereza cha shule. Mtoto akichelewa kidogo kusema, ushauri wa kwanza kutoka kwa jamaa, na wakati mwingine kutoka kwa mwalimu wa chekechea, ni huu: acheni lugha nyingine zote, mzungumzisheni Kiingereza peke yake.

Barbara Pearson na wenzake waliwachunguza watoto wa Miami wanaokua na Kiingereza na Kihispania, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1993. Ukihesabu maneno ya lugha moja tu, mtoto wa lugha mbili huonekana ana upungufu. Ukijumlisha maneno ya lugha zote mbili, hayuko nyuma ya mwenzake wa lugha moja. Mtoto anayesema "maji" kwa Kiswahili na "mbuzi" kwa Kigiriama ana maneno mawili. Anayemhesabia moja anamwibia. Na kule kuchanganya lugha katika sentensi moja, jambo linalowatia wazazi wasiwasi, si dalili ya kuchanganyikiwa. Mwaka 1995 Fred Genesee na wenzake wa Montreal walionyesha kwamba watoto wa takriban miaka miwili hubadili lugha kulingana na mtu aliye mbele yao. Mtoto wa Kisauni hufanya hivyo kila asubuhi: neno moja kwa yaya, jingine kwa baba.

Hapa Pwani kazi hii ilifanywa kwa makini Kilifi, safari fupi kaskazini mwetu. Katie Alcock, Kenneth Rimba, Amina Abubakar na wenzao walitengeneza orodha za kupimia maneno na ishara za watoto wa miezi 8 hadi 28, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama. Hawakuchukua orodha ya Ulaya na kubadili maneno tu. Walitafuta vitu ambavyo mtoto wa Pwani anaviona na kuvitaja kweli. Makala yao ya mwaka 2015 inaua uongo mwingine pia, ule unaosema kwamba mama asiyejua kusoma hawezi kueleza maendeleo ya mwanawe. Wahojaji waliketi na akina mama na kuwauliza kwa mdomo badala ya kuwapa karatasi wajaze, na majibu ya akina mama hao yalipolinganishwa na yale watoto waliyosikika wakiyasema, yalionekana ni ya kutegemewa. Daktari au mwalimu anayempuuza mama wa aina hii anatupa habari nzuri kuliko zote alizonazo.

Kinachomchelewesha mtoto ni kuzungumziwa kidogo. Mzazi anayejilazimisha kutumia Kiingereza asichokimudu huishia kutoa amri fupi: keti, kula, nyamaza. Kwa lugha yake angesimulia samaki walivyonunuliwa, angetania, angeimba, angemuuliza mtoto kwa nini paka amekimbia. Huo ndio utajiri, na hauna haja ya kuwa wa Kiingereza.

"Asipoanza Kiingereza mapema, mlango umefungwa."

Nusu kweli. Kwa upande wa sauti, miaka ya mwanzo ina uzito wake, kama tulivyoona. Lakini mlango haufungwi kwa kishindo. Uchunguzi wa Joshua Hartshorne, Joshua Tenenbaum na Steven Pinker, uliotoka mwaka 2018 na kutumia majibu ya watu karibu 670,000, ulikadiria kwamba uwezo wa kujifunza sarufi ya lugha ngeni hubaki imara hadi karibu na umri wa miaka 17. Serikali nayo kwa muda mrefu, tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, imetaka madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na mtaala wa sasa umeurudia mwelekeo huo hadi gredi ya tatu. Shule nyingi za kulipia za Nyali zimeuweka kando. Nadhani zinakosea, na zinawakosea zaidi watoto ambao lugha yao ya nyumbani imegeuzwa kuwa kosa la kuadhibiwa.

"Katuni za Kiingereza zinamfundisha huku nafanya kazi zangu."

Si kweli kwa mtoto mdogo. Patricia Kuhl na wenzake wa Seattle waliwachukua watoto wa miezi tisa wa familia za Kiingereza na kuwatia katika Kichina. Kundi moja lilicheza na kusomewa na Wachina waliokaa nao sakafuni, vikao 12. Kundi jingine lilitazama Wachina walewale kwenye televisheni, kwa muda uleule, vitabu na michezo ileile. Waliokaa na watu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Waliotazama televisheni hawakupata chochote. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2003, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku.

Lakini wako akina baba na akina mama wengi wa upande huu walioko Doha, Muscat au Jeddah kikazi, na simu ndiyo kamba pekee waliyobaki nayo. Hao wasikate tamaa. Mwaka 2014 Sarah Roseberry na wenzake walionyesha kwamba watoto wa miezi 24 hadi 30 walijifunza maneno mapya kwa mazungumzo ya video sawa na ana kwa ana, na hawakuyajifunza kwa video iliyorekodiwa. Tofauti ni kuitikiana. Katuni haimngoji mtoto amalize sentensi. Mama aliyeko Muscat humngoja, humuuliza, hucheka anapocheka. Dakika kumi za namna hiyo kila jioni ni lugha halisi.

"Mtoto huiga tu. Usipomsahihisha, kosa litakaa."

Si kweli. Kumbuka kwanza kwamba maneno hayamfikii yakiwa yametenganishwa. Tunasema mfululizo, bila ya nafasi kati ya neno na neno. Mwaka 1996 Jenny Saffran na wenzake waligundua kwamba watoto wa miezi minane, baada ya kusikiliza mfululizo wa silabi zisizo na maana kwa dakika mbili tu, walianza kutambua ni silabi zipi huandamana. Huo ni uchambuzi. Kasuku haufanyi.

Akianza kusema, mtoto wa Kiswahili huacha vipande kwa utaratibu maalumu. Husema "taka maji" badala ya "nataka maji", na "anguka" badala ya "nimeanguka". Kamil Ud Deen, mwanaisimu aliyewarekodi watoto wadogo wanne wa Nairobi na kuchapisha kitabu kuhusu usemi wao mwaka 2005, aliona kwamba watoto hao huacha kiambishi cha mtenda, au cha wakati, au vyote viwili, lakini ile irabu ya mwisho wa kitenzi huwa iko palepale. Kosa lenye mpango ni ushahidi wa akili inayotengeneza sarufi. Vivyo hivyo mtoto anayesikia "njoo" kutwa nzima akaja kukwambia "kuja!" ameshajua jinsi vitenzi vingine vinavyoamrisha, na amekitia hicho nacho katika kanuni.

Jibu zuri ni kumrudishia sentensi ikiwa kamili huku mazungumzo yakiendelea. Akisema "taka maji", mwambie, "Unataka maji? Haya, mwanangu, nakuletea maji." Kumkatiza, kumlazimisha arudie, au kumcheka mbele ya wageni kunamfunza kitu kimoja, kwamba kusema kuna hatari.

"Kusema 'gali' na 'lafiki' ni ugonjwa."

Si kweli kwa mtoto mdogo. Nazneen Gangji na wenzake walichunguza watoto 24 wa Dar es Salaam wa miaka mitatu hadi karibu sita, na makala yao ikatoka mwaka 2015. Irabu zote na konsonanti nyingi zilikuwa tayari kufikia miaka mitatu. Nyingine ziliendelea kukomaa, pamoja na uwezo wa kutamka maneno marefu bila ya kuyafupisha. Mtoto wa miaka mitatu anayesema "maki" badala ya samaki anaendelea vizuri. Wa miaka mitano ambaye hata jamaa zake wa nyumbani hawamwelewi aonwe na mtaalamu.

Na kigugumizi? Wengi hukipata kati ya miaka miwili na mitano, na takriban robo tatu yao huacha wenyewe. Hakiletwi na kuiga wala na kutekenywa. Msikilize amalize.

"Akiwahi kutembea atachelewa kusema." Si kweli.

"Wavulana huchelewa, usijali." Nusu kweli, na nusu iliyobaki ni ya hatari. Wasichana hutangulia kwa muda mfupi tu, mwezi mmoja au miwili kwa wastani. Mvulana wa miaka miwili na nusu asiyesema chochote hachelewi kwa sababu ya uvulana wake.

"Hasemi kwa sababu ulimi umefungwa, au kimeo ni kirefu. Kikatwe."

Si kweli. Kigozi cha chini ya ulimi kikiwa kifupi mno huweza kumpa mtoto taabu ya kunyonya, na hapo daktari huamua. Hakimfanyi mtoto awe kimya. Mtoto mwenye ulimi mzito bado atataka kusema, atasema vibaya. Kimeo hakihusiani kabisa na kujifunza kusema. Kukikata kwa wembe nyumbani kumewaletea watoto damu isiyokoma na vidonda vilivyooza. Hili nalisema bila ya kupunguza ukali, kwa sababu bado linafanywa.

Mtoto asiyesema, angalia masikio kwanza. Sikio linalotoa usaha wiki hadi wiki hupunguza usikivu, na hilo hutokea katika miaka ileile ambayo mtoto anachambua sauti. Homa ya uti wa mgongo huweza kuua usikivu kabisa. Umanjano mkali wa siku za kwanza baada ya kuzaliwa, usipotibiwa, nao huweza kuuharibu. Kinachopotosha wazazi wengi ni kwamba mtoto kiziwi naye hutoa sauti miezi ya mwanzo, hulia, hucheka, na huitikia mlango unapobamizwa kwa sababu ameuhisi mtikisiko. Kwa hiyo usimpime kwa kupiga makofi mbele ya uso wake. Simama nyuma yake, asikuone, umwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka mara kwa mara, mpeleke akapimwe kwenye kliniki ya masikio, pua na koo. Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pwani iko ng'ambo ya daraja tu.

"Alikuwa akisema, akapata dege, akanyamaza. Ni nyuni."

Si kweli, na sisemi hivi kwa kuwadharau wazee wetu. Waliona kitu cha kweli: mtoto mzima anashikwa na homa, anakakamaa, anatupwa na degedege, na akipona lugha imepungua. Walichokosa ni jina la chanzo. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust huko Kilifi, akiwemo Julie Carter, katika makala za mwaka 2005 na 2006 walieleza watoto wa umri wa shule waliowahi kulazwa kwa malaria kali, hasa ile inayopanda kichwani. Walionekana kuwa na matatizo ya lugha zaidi kuliko wenzao ambao hawakuugua hivyo. Malaria ilikuwa imegusa ubongo.

Tofauti ya jina hubadilisha safari. Anayeamini ni nyuni huanza na hirizi, na hospitali huja baadaye. Mtoto mwenye degedege anahitaji hospitali saa hiyohiyo. Na aliyepona kisha akapoteza maneno anahitaji kupimwa na kusaidiwa kusema tena, kwa subira, na watu wa nyumbani walioelezwa la kufanya.

"Kiziwi akifundishwa ishara hatajifunza kusema."

Si kweli. Lugha ya ishara ni lugha kamili, yenye sarufi yake. Mwaka 1991 Laura-Ann Petitto na Paula Marentette walionyesha kwamba vichanga viziwi wanaokua na lugha ya ishara hurudiarudia silabi kwa mikono, kama wengine wanavyosema ba-ba-ba kwa midomo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya miongoni mwa zile ambazo serikali inapaswa kuzikuza, na kuifanya lugha rasmi ya Bunge. Jambo la kuogopwa ni mtoto kufika miaka mitano bila ya lugha yoyote, wala ya mdomo wala ya mikono, huku watu wazima wakingoja asikie.

"Chanjo ya surua huleta usonji na kunyamaza."

Si kweli. Dai hili lilienezwa na makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 katika jarida la Lancet, na jarida hilo liliifuta mwaka 2010. Mwaka 2019 uchunguzi wa Denmark uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000 haukuona uhusiano wowote kati ya chanjo na usonji. Ukweli uko upande wa pili. Surua huharibu masikio na huweza kushambulia ubongo. Rubela ikimpata mama katika miezi ya mwanzo ya mimba, mtoto huweza kuzaliwa kiziwi. Tangu mwaka 2016 Kenya inazikinga zote mbili kwa sindano moja, inayotolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18.

Umri huo unafaa kwa jambo jingine. Mtoto wa miezi 9 anatakiwa awe anarudiarudia silabi na kugeukia sauti ya anayemwita. Wa miezi 18 anatakiwa awe na maneno kadhaa, kwa lugha yoyote ile, na awe anaonyesha kwa kidole anachokitaka. Akifika miaka miwili bila ya kuunganisha maneno mawili, au akipoteza maneno aliyokuwa nayo katika umri wowote, usingoje mwezi mwingine. Kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto kina ukurasa wa hatua za ukuaji, kusema kukiwa mojawapo, lakini foleni ikiwa ndefu ukurasa huo hupitwa. Kabla hujapokea kijitabu na kuondoka, mfungulie muuguzi ukurasa huo na umwombe amwangalie mtoto pamoja nawe.